Istilahi, Mipaka na Amani: Maoni kuhusu Mazingira ya Ubunifu katika Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita, mwanafunzi mmoja wa uzamili niliyekuwa nikimsimamia alirudishiwa tasnifu yake na mtahini wa nje, mhadhiri wa chuo kikuu kimoja cha nchi jirani. Uchambuzi wa data haukutiliwa shaka, wala nadharia haikukosolewa. Zilizopigiwa mstari, ukurasa baada ya ukurasa, zilikuwa istilahi. Mwanafunzi aliandika irabu, mtahini akataka vokali. Mwanafunzi aliandika kompyuta, mtahini akasahihisha kuwa tarakilishi. Marekebisho yalichukua muda, mwanafunzi akakosa mahafali ya mwaka ule, na nafasi ya kazi aliyokuwa ameahidiwa ikapewa mwingine. Hapana budi nikiri kwamba nami nimewahi kumtendea mwanafunzi wa upande wa pili jambo kama hilo, tena kwa imani kwamba nalinda usanifu wa lugha.

Makala haya yanakifanya kisa hicho kuwa mlango wa kuingilia mjadala mpana zaidi: ni mazingira gani ya kijamii na kisiasa yanayoliwezesha eneo kama letu kubuni mambo mapya, kupiga hatua za maendeleo na kukaa kwa amani? Wanauchumi na wataalamu wa siasa wamelijadili swali hili kwa vipimo vyao. Sisi wanaisimu tunacho kipimo chetu, ambacho aghalabu tunasahau kukitumia. Istilahi ni kitu kilichobuniwa, kama ilivyo mbegu mpya au mashine mpya. Ina mbunifu na ina watumiaji. Husafiri au hukwama. Hupokewa au husahauliwa kabatini. Anayefuatilia hatima ya istilahi katika Afrika Mashariki anafuatilia, pasipo kukusudia, hatima ya ubunifu kwa jumla.

Maoni ninayoyatetea ni kwamba ubunifu katika eneo letu haukosi vipaji. Unachokosa mara kwa mara ni uwanja, na uwanja huo hujengwa au hubomolewa na maamuzi ya kisiasa pamoja na mahusiano ya watu wenyewe kwa wenyewe. Nitaanza na historia ya istilahi zetu, kisha nitapima hoja hiyo kwa ubunifu wa aina nyingine, na mwisho nitaijadili amani, ambako hoja yenyewe inakutana na ugumu wake mkubwa.

2.0 Kutoka Ghala Moja hadi Maghala Mawili

Usanifishaji wa Kiswahili ulikuwa tangu mwanzo mradi wa kikanda. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyozihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Makao yake yalihamahama kati ya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Mombasa. Hatuna sababu ya kuipamba Kamati hiyo. Ilikuwa chombo cha wakoloni, iliongozwa na maofisa wa elimu pamoja na wamisionari, na wenye lugha yao walishirikishwa kwa uchache na kwa kuchelewa. Hata hivyo, ilikuwa na sifa moja ambayo hatukuirithi: mwandishi wa Zanzibar na mwandishi wa Kenya walipita katika mlango mmoja, na neno lililokubaliwa huko lilikuwa na soko la nchi nne.

Baada ya uhuru, mwaka 1964, kazi za Kamati zilihamishiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako palikuja kuitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1967 iliundwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kuanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Msomaji atambue mielekeo miwili iliyokuwamo katika mwaka huo mmoja: nchi tatu zinaunganisha reli, bandari, posta na ndege, na papo hapo lugha inaanza kupewa mlezi wa kitaifa. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1963 kiligawanywa kuwa vyuo vikuu vitatu, Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ilivunjika, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983.

Miaka hiyo sita ya mpaka kufungwa husimuliwa zaidi kwa habari za mali ya Jumuiya iliyogombewa. Kwa mwanaisimu ina maana nyingine. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, yaani katikati ya kipindi ambacho lori la vitabu lisingeweza kupita Namanga. Mwaka huohuo Tume ya Mackay ilipendekeza Kenya ianzishe mfumo mpya wa elimu, na ulipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani. Ghafla wakahitajika walimu na vitabu vya kiada, na vitabu hivyo vilihitaji istilahi. Waandishi wa Kenya hawakuwa na nafasi ya kungoja vikao vya Dar es Salaam, wala ushirikiano wa kawaida baina ya taasisi haukuwa umerudi. Wakabuni wenyewe, tena wengine wakabuni kwa ustadi mkubwa.

Tukiona leo tarakilishi upande mmoja na kompyuta upande mwingine, rununu huku na simu ya mkononi kule, tusidhani kwamba tunatazama lahaja. Lahaja za Kiswahili zilitokana na mwambao, visiwa na karne za makazi. Tofauti hizi za istilahi zina umri wa miongo michache tu, na sehemu kubwa ya chanzo chake ni ugomvi wa serikali ambao wasemaji hawakuulizwa.

Ni kweli kwamba lugha yenye wasemaji wengi huweza kuwa na viwango zaidi ya kimoja bila ya kudhurika. Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani vinaishi hivyo, na hakuna anayerudishiwa tasnifu kwa sababu hiyo. Hasara huja pale tofauti inapogeuzwa kuwa kizuizi cha barabarani, na mwanazuoni akajiweka hapo awe askari wa zamu.

3.0 Neno na Tendo Lake

Pengine mtu atasema kwamba dawa yake ni kukutana na kukubaliana juu ya orodha moja. Uzoefu wa Tanzania unaonyesha kwamba orodha pekee haitoshi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Kiswahili kilitumika kufundishia shule zote za msingi za serikali, na istilahi za hesabu, sayansi na jiografia za ngazi hiyo zikaota mizizi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza hatua ifuatayo, yaani Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikutekeleza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilirudia ahadi hiyo, nayo katika jambo hili haikutekelezwa.

Kati ya ahadi hizo mbili wataalamu hawakulala. Istilahi za fizikia, kemia, biolojia na taaluma nyingine nyingi zilitungwa, zikasanifiwa na kuchapishwa. Nyingi kati yake hazijawahi kutamkwa na mwalimu mbele ya wanafunzi. Hatuwezi kujua kama ni nzuri au mbaya, kwani neno halipimwi kwa kutazamwa. Hupimwa kwa kutumiwa, likakosewa, likafupishwa, likachezewa na vijana hadi likazoea vinywa. Ndivyo ilivyo kwa kila ubunifu. Mtaalamu anayebuni mtambo ambao hakuna karakana itakayoujaribu hana tofauti na mtunga istilahi asiye na darasa.

Linganisha hali hiyo na maneno machache yaliyofaulu. Kitivo lilichukuliwa kutoka lugha za Usambaa na Upare, ambako lina maana ya bonde lenye rutuba. Ngeli lilitoka Kihaya. Yote mawili yalipata kazi mara moja, kwani chuo kikuu kililiandika la kwanza katika milango na barua zake, na la pili likaingia katika kila somo la sarufi. Mfano ulio bora zaidi ni kung'atuka, kutoka Kizanaki. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aliacha urais kwa hiari yake, jambo ambalo lilikuwa nadra katika Afrika ya wakati ule. Neno lilienea nchi nzima kwa sababu tendo lenyewe lilitendeka mbele ya macho ya watu. Nchi ambayo kiongozi wake hang'atuki ingeweza kulisanifu neno hilo katika vikao kumi, na bado lisingekuwa na pa kukaa.

4.0 Pesa na Ushahidi

Hoja hii inaweza kupimwa nje ya istilahi. Afrika Mashariki imeupa ulimwengu ubunifu wa aina mbili ambao ulienda mbali pamoja na majina yake ya Kiswahili, na yote miwili ilizaliwa Kenya katika muda usiozidi mwaka mmoja.

Wa kwanza ni M-Pesa, iliyoanza rasmi Machi 2007. Katika majaribio yaliyotangulia, kusudio lilikuwa kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa mikopo kwa njia ya simu. Watumiaji walikuwa na haja nyingine. Kenya, kama nchi jirani zake, ni nchi ya watu wanaofanya kazi mjini na kulea familia kijijini, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakimkabidhi fedha dereva wa basi au jamaa anayesafiri. Wakautumia mfumo ule kutumiana pesa, na wenye mradi wakawafuata watumiaji. Mwanaisimu ataitambua hali hii mara moja: mtungaji hupendekeza maana, wasemaji huamua. Hata hivyo, haja ya watu peke yake isingetosha. Benki Kuu ya Kenya iliukubali mradi uanze chini ya uangalizi wake kabla hapajawa na sheria mahususi ya jambo hilo. Kwa ufupi, dola ilijizuia kuua kitu ambacho bado haikukielewa vizuri.

Teknolojia ileile ilipelekwa Afrika Kusini mwaka 2010, ikafungwa mwaka 2016. Huko benki zilikuwa zimewafikia watu wengi zaidi, na haja ya kutumiana fedha ilikuwa na njia nyingine. Mtambo haukuharibika njiani. Ulikosa uwanja.

Wa pili ni Ushahidi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 Kenya iliingia katika machafuko ambamo, kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Waki, watu 1,133 waliuawa. Serikali ilipiga marufuku utangazaji wa moja kwa moja. Mapema Januari 2008 Ory Okolloh, pamoja na wenzake Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walitengeneza programu iliyopokea taarifa za raia na kuonyesha katika ramani mahali palipotokea mauaji, uchomaji wa nyumba au juhudi za amani. Programu hiyo ilitumika baadaye katika nchi nyingi, ikiwa ni pamoja na Haiti baada ya tetemeko la 2010, na neno ushahidi likatamkwa na watu ambao hawakujua hata lugha lilikotoka.

Hapa msomaji anaweza kunipinga kwa haki. Ikiwa ubunifu huo ulizaliwa na machafuko na udhibiti wa habari, je, si kweli kwamba shida ndiyo mama wa ubunifu? Sikatai kwamba shida huchochea. Lakini shida ziko tele katika eneo letu, na nyingi hazizai chochote isipokuwa makaburi na kambi za wakimbizi. Vijana wale walikuwa na elimu ya juu, walikuwa na mtandao wa marafiki ndani na nje ya nchi, na walikuwa wamekulia katika uhuru wa kusema ambao Wakenya waliupigania tangu kabla ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwishoni mwa 1991. Shida ilitoa swali. Miaka ya uhuru iliyotangulia ndiyo iliyowapa uwezo wa kulijibu. Tena kazi yao iliishi kwa sababu mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 yaliirudisha nchi mahali ambapo mtu angeweza kukaa na kuiendeleza.

5.0 Lugha Moja na Amani

Sisi wa taaluma ya Kiswahili tuna mazoea ya kusema kwamba lugha moja huleta umoja, na umoja huleta amani. Usemi huo unapendeza majukwaani, lakini ushahidi wake si imara. Rwanda karibu wote husema Kinyarwanda, na mwaka 1994 lugha hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa redioni kuwahimiza watu kuua jirani zao. Somalia, nchi yenye lugha moja kuliko nyingi barani, dola yake ilisambaratika mwaka 1991. Tanzania imekaa kwa utulivu zaidi kuliko jirani zake wengi, lakini ni hatari kuihesabia lugha peke yake sifa ambayo ilitokana pia na siasa ya kupunguza pengo la mali, shule zilizochanganya vijana wa mikoa yote, na chama kilichokataa kujengwa juu ya kabila. Kiswahili kilikuwa chombo cha siasa hiyo. Chombo hufuata mkono unaokishika.

Kenya imetupa somo la pekee. Kabla ya uchaguzi wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya uchochezi. Miongoni mwake yalikuwamo madoadoa na kwekwe. Katika kamusi maneno haya hayana hatia yoyote: la kwanza ni alama za rangi katika ngozi au nguo, la pili ni majani yanayong'olewa shambani. Lakini katika maeneo yaliyowahi kuona watu wakifukuzwa katika ardhi kwa sababu ya kabila lao, madoadoa ni jirani aliyetoka kwingine, na kwekwe ni mtu anayefaa kung'olewa. Maana hiyo haikutoka katika mofolojia wala katika historia ya neno. Imetoka katika mgogoro wa ardhi usiotatuliwa na katika wanasiasa wanaoufaidi. Kulipiga neno marufuku kunaweza kuwa kwa lazima wakati wa kampeni, lakini mgogoro ukibaki palepale, utajitafutia neno jingine.

Mashariki ya Kongo inatufunza jambo hilo kwa uchungu zaidi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na katiba ya Kongo ya 2006, na ndiyo lugha ya soko na mtaa katika miji ya Goma na Bukavu. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Novemba mwaka huo Jumuiya ilianza kupeleka jeshi la pamoja katika eneo la Goma, na askari waliotoka Kenya wangeweza kusemezana na wenyeji bila ya mkalimani. Jeshi hilo liliondoka mwishoni mwa 2023, likiwa limelaumiwa na serikali iliyolialika, na Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Watu walielewana maneno. Hawakuelewana juu ya kazi ya jeshi hilo, juu ya madini, juu ya mipaka, wala juu ya nani ni raia. Maelewano ya aina hiyo hayatoki katika kamusi.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa wanazuoni wenzangu ni kwamba tupunguze madai na tuongeze kazi. Kiswahili kinaweza kuwapa watu wa eneo hili mahali pa kujadiliana. Hakiwezi kujadiliana kwa niaba yao.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mkataba wa kuanzisha upya Jumuiya uliotiwa saini mwaka 1999, katika Ibara ya 137, ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili ukakiahidi kuendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015. Tangu mwaka 2022 tarehe 7 Julai huadhimishwa kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Heshima hizi ni za kweli, na waliozipigania wanastahili shukrani. Lakini mama anayevusha nyanya zake Namanga au Mutukula bado anasimama mbele ya fomu na kanuni zilizoandikwa kwa lugha asiyoisoma, na haki alizopewa na Jumuiya anazisikia kwa dalali, ambaye humtoza kwa tafsiri yake. Jumuiya ya namna hiyo raia wake hawawezi kuitetea ikitikiswa tena kama ilivyotikiswa mwaka 1977, kwa kuwa hawajawahi kuimiliki kwa maneno yao.

Napendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vikubaliane kwamba istilahi yoyote iliyosanifiwa katika nchi moja ni halali katika tasnifu ya nchi nyingine, mradi mwanafunzi aitumie kwa uthabiti na kuifafanua inapotokea mara ya kwanza. Jambo hili halihitaji bajeti wala kikao cha marais. Linahitaji sisi watahini tuweke kalamu nyekundu chini. Pili, utungaji wa istilahi uanzie pale zinapohitajika: katika fomu za forodha, maelezo ya dawa, mikataba ya wakulima na huduma za simu, ili kila istilahi izaliwe ikiwa na kazi ya kufanya na watu wa kuisahihisha. Tatu, tuwe na ujasiri wa kuzieleza serikali zetu kwamba kila zinapofunga mpaka, kuzima mtandao wakati wa uchaguzi au kumtisha mwandishi, zinavunja karakana ya ubunifu ambayo hotuba zao husema zinaijenga.

Yule mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni alihitimu mwaka uliofuata. Katika nakala ya mwisho ya tasnifu yake aliandika irabu, akaweka tanbihi kwamba wanaisimu wengine huita vokali, na kazi ikapita. Tanbihi hiyo ilikuwa na mstari mmoja tu, nayo ilitugharimu mwaka mzima.